UNA NINI NYUMBANI? Somo juu ya Kuwasaidia Wanyonge

Mafungu ya kusoma: 2 Wafalme 4:1-7 na Matendo ya Mitume 6:1-7



Somo letu la safari hii ni juu ya huruma, lakini kwa upande wake ambao hatuufikirii mara nyingi. Kutoa sote twajua. Sadaka ya wahitaji hutangazwa, mazao huletwa kanisani siku ya mavuno, na msiba ukitokea kila nyumba huleta unga, kuni au fedha kidogo. Ni desturi njema, wala isikome. Lakini yafaa tujiulize jambo moja. Yule mama tuliyempelekea debe la mahindi mwezi wa pili, kwa nini mwezi wa tatu yuko mlangoni tena? Je, ni uvivu wake? Au ni msaada wetu uliofika tumboni usifike mikononi?

Naomba tulitazame swali hili kwa utaratibu wa darasani: kwanza Maandiko, halafu hali yetu ya hapa Tunduma na mkoa mzima wa Songwe, kisha hesabu kidogo, na mwisho kazi ya kufanya.

1. Mjane na mdai wake

Fungu letu la kwanza latueleza habari za mama mmoja aliyefiwa na mume. Marehemu alikuwa mcha Mungu, lakini aliacha deni. Mdai amekuja, na kwa kuwa hakuna mali ya kuchukua, anataka kuwachukua watoto wawili wawe watumwa wake. Mama analia mbele ya nabii Elisha.

Angalieni Elisha anavyofanya. Hamlipii deni. Wala hamwambii aende zake akaombe. Anamwuliza ana kitu gani nyumbani. Mama anajibu kwanza kwamba hana kitu, kisha anakumbuka chupa moja ya mafuta. Hapo ndipo msaada unapoanzia, kwenye kile kitu kidogo ambacho mwenyewe alikuwa amekwisha kukihesabu kuwa si kitu.

Mambo matatu yafuata, na kila moja ni funzo kwetu.

(a) Vyombo vitupu vinatoka kwa majirani. Elisha anamwagiza aazime, tena visiwe vichache. Muujiza huu usingefanyika kwa mtu aliyejitenga na jirani zake.

(b) Mlango unafungwa, naye Elisha yuko nje. Wanaomimina mafuta ni mama na wanawe. Mtumishi wa Mungu hakushika chupa wala kusimama kuhesabu vyombo.

(c) Mwisho mama anaambiwa auze mafuta, alipe deni, na yanayobaki yawe riziki yake na wanawe. Deni limetangulia, riziki imefuata. Mama huyu hakurudi kwa nabii wiki ya pili kuomba mafuta mengine, kwa maana sasa alikuwa na bidhaa, na wanawe walikuwa huru.

2. Deni katika mji wa mpakani

Msomaji aweza kusema kwamba hayo ni mambo ya Israeli ya kale. Sivyo. Deni la namna hiyo lipo katika mitaa yetu.

Tunduma ni mlango. Barabara kuu ya Dar es Salaam na Zambia inapita hapa, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inavuka hapa kuelekea Kapiri Mposhi. Ng'ambo ya pili ni Nakonde. Mwaka 2016 wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe zilitolewa katika Mkoa wa Mbeya zikawa Mkoa wa Songwe, na makao makuu yakawekwa Vwawa. Mwaka 2019 kituo cha pamoja cha forodha kilifunguliwa mpakani. Watu wa Tunduma ambao katika sensa ya 2012 hawakufika 100,000, katika sensa ya 2022 walizidi 200,000. Mji ukikua hivyo katika miaka kumi, maana yake wengi wetu ni wageni. Tumeacha shangazi na wajomba kijijini, na siku ya shida hatuna mlango wa kubisha.

Mama wa mjini hapa huishi kwa biashara ya siku: kupikia madereva, kuuza nguo za mitumba, kununua mahindi Mlowo na kuyauza kwa kisado, kuvusha mizigo midogo. Biashara ya namna hiyo inategemea mpaka uwe wazi. Mwezi wa Mei 2020, wakati wa korona, Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa, na aliyekuwa akila kwa mauzo ya siku hiyo hakula. Huko mashambani shida ina majira yake. Mkulima wa kahawa wa Mbozi huona fedha katikati ya mwaka, wakati wa mavuno. Mwezi wa kumi na moja mvua inapoanza anahitaji mbegu na mbolea. Januari watoto wanahitaji sare na madaftari, na kabla mahindi mapya hayajakomaa ghala huwa tupu.

Katika mianya hiyo ndimo anamoingia mkopeshaji. Watu wameipa mikopo yake jina la "kausha damu", na jina hilo halikutungwa bure. Hataki kujua unafanya kazi gani. Anataka kadi yako ya benki, au televisheni, au kitanda, au sahihi ya jirani. Siku ukishindwa anakuja na watu wake mchana kweupe, majirani wakitazama. Wapo akina mama wanaohama nyumba usiku kwa aibu hiyo. Wapo wanaokopa kwa huyu ili kumlipa yule, mpaka mume anagundua na nyumba inavunjika. Tukisoma habari za mdai aliyetaka kuwachukua watoto wa mjane, tusidhani kwamba amekufa.

3. Hesabu ya ubaoni

Hebu tufanye hesabu kama darasani. Chukua kalamu.

Mama mmoja anakopa shilingi 100,000. Anaambiwa arudishe 5,000 tu kila siku, kwa siku 28. Neno hilo "tu" ndilo linalomponza, kwa sababu 5,000 anaiona kila siku mkononi. Sasa zidisha: 5,000 mara 28 ni 140,000. Riba ni 40,000 kwa wiki nne, yaani asilimia 40. Wala hakukaa na ile laki nzima kwa siku zote 28. Siku ya kumi na nne amekwisha kurudisha 70,000, lakini riba ni ile ile kana kwamba bado ana laki yote. Kwa hiyo bei ya kweli ya mkopo ule ni kubwa kuliko hata hiyo asilimia 40 inavyoonyesha.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila mkopeshaji awe na leseni, na Benki Kuu imeweka kikomo cha riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana. Kwa laki moja, hiyo ni shilingi 3,500 kwa mwezi. Linganisha 3,500 na 40,000, utaelewa kwa nini mkopeshaji wa vichochoroni hapendi kuandika mkataba, na akiuandika hapendi uusome.

Wengi walionaswa si wajinga wa biashara. Wanajua bei ya mahindi Mlowo na thamani ya kwacha kuliko mimi. Hawakufundishwa hesabu hii moja tu, tena walikuwa peke yao siku walipoihitaji.

4. Sanduku lenye kufuli tatu

Wazee wetu walijua tangu zamani kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Walialikana kulima na kujenga, na mjini akina mama wakacheza upatu. Upatu ni kitu kizuri, lakini una kasoro mbili. Kwanza, zamu yako haifuati shida yako. Mtoto anaugua mwezi wa tatu na zamu yako ni ya kumi. Pili, akitoroka mmoja aliyekwisha kupokea, mzunguko unakatika.

Mwaka 1991, katika nchi ya Niger, sehemu za Maradi, wafanyakazi wa shirika la CARE waliuchukua mchango wa namna ya upatu ambao wanawake wa huko walikuwa wakiuchanga, wakautengeneza upya pamoja nao. Vikundi hivyo viliitwa kwa Kihausa Mata Masu Dubara, maana yake wanawake wenye maarifa. Kutoka huko mtindo ukaenea katika nchi nyingi za Afrika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuwa umefika Tanzania, Zanzibar na bara, na leo sehemu nyingi twauita VICOBA, au kwa kifupi "kikundi".

Wengi mmeviona, lakini si wote wanaojua vinavyotakiwa kuendeshwa. Kanuni zake ni hizi:

(a) Watu 15 hadi 30 wanaofahamiana wanajichagua wenyewe. Hapangiwi mtu na mchungaji wala mwenyekiti wa mtaa. Wanaandika katiba yao: siku ya kukutana, bei ya hisa, faini ya kuchelewa, na sababu za kumtoa mtu.

(b) Kila wiki kila mwanachama ananunua hisa, kuanzia moja hadi tano. Hisa yake inagongwa muhuri katika kitabu chake, hata asiyejua kusoma aweza kuhesabu mihuri kwa kidole. Kikomo hicho cha hisa tano kina maana kubwa, kwamba mwenye duka asije akamiliki kikundi na kuwafanya wengine wapagazi.

(c) Fedha zinawekwa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zinashikwa na watu watatu wasio viongozi, na sanduku linakaa kwa mtu wa nne. Halifunguliwi po pote isipokuwa mkutanoni, mbele ya wote. Kabla ya kufungwa, fedha zilizobaki zinatajwa kwa sauti, na wote wanaambiwa wazikumbuke. Mkutano unaofuata unaanza kwa kuulizwa: tuliacha kiasi gani?

(d) Mwanachama anakopa kisichozidi mara tatu ya akiba yake, kwa muda mfupi, kwa kawaida miezi mitatu, na riba wanaipanga wenyewe.

(e) Upo mfuko wa pili, wa jamii. Kila mmoja anatoa kiasi sawa kila wiki. Huu ni kwa ugonjwa, msiba na ajali, na mara nyingi hautozwi riba.

(f) Mwisho wa mwaka fedha zote za hisa na faida zinagawanywa kwa kadiri ya hisa za kila mtu. Kikundi chenye busara huku kwetu hupanga mgao uangukie wakati wa mbolea au kabla ya shule kufunguliwa.

Turudi ubaoni. Tuseme wapo wanachama 20, hisa ni shilingi 1,000, na kwa wastani kila mmoja ananunua hisa mbili kwa wiki. Kwa wiki ni 40,000. Kwa wiki 48 ni 1,920,000, nazo ni hisa 1,920. Tuseme riba na faini za mwaka zimeleta 384,000. Jumla ni 2,304,000. Gawanya kwa 1,920, kila hisa imekuwa 1,200. Mama mwenye hisa 96 aliweka 96,000 kidogo kidogo, anachukua 115,200 kwa mara moja. Na kama kila mmoja alitoa 500 kwa wiki katika mfuko wa jamii, kikundi kilikuwa na 480,000 za kushughulikia matatizo ya mwaka mzima.

Mwanafunzi mwenye akili atauliza: kama kikundi kinatoza asilimia 5 kwa mwezi, mbona ni zaidi ya ile 3.5 ya Benki Kuu? Swali ni zuri. Jibu ni kwamba riba ya kikundi inarudi katika sanduku ambalo mkopaji mwenyewe ni mmoja wa wenyewe. Mwisho wa mwaka sehemu yake inarudi mkononi mwake. Riba ya kausha damu hairudi.

5. Je, kweli inasaidia?

Mwalimu hapaswi kusifu dawa asiyoipima. Vikundi hivi vimepimwa, na kipimo kimoja kilifanyika karibu kabisa nasi, ng'ambo ya Mto Songwe, katika wilaya ya Karonga nchini Malawi. Watafiti walichukua vijiji 46. Baadhi vilifundishwa kuanzisha vikundi mapema, vingine vilisubiri, kisha wakalinganisha baada ya miaka miwili. Walikuta kwamba katika vijiji vilivyotangulia watu walikuwa wakila mara nyingi zaidi kwa siku, wanatumia zaidi kwa mahitaji ya nyumba, na nyumba zao zimeongezwa vyumba. Utafiti mwingine mkubwa uliofanywa Ghana, Malawi na Uganda, uliotolewa mwaka 2017, ulikuta akina mama wanaweka akiba na kukopa zaidi, na biashara zao zimeendelea kidogo, lakini haukukuta umaskini wa vijiji hivyo umepungua kwa wastani katika muda ule.

Tuyapokee matokeo hayo kama yalivyo. Kikundi si muujiza. Hakileti mvua Momba wala hakipandishi bei ya kahawa Mbozi. Kinachofanya ni kuziba ule mwanya kati ya shida na mavuno, mahali pale pale alipokuwa akipita mdai. Kwa mama ambaye mwaka jana alihama nyumba usiku, hilo si jambo dogo.

Pia zipo hatari, nasi hatuna budi kuzitaja. Mwishoni mwa mwaka, mikopo inaporudishwa, sanduku linakuwa na fedha nyingi, na wezi wanajua tarehe; heri kuziweka benki au katika akaunti ya kikundi ya simu mpaka siku ya mgao. Zipo pia hila za kiongozi anayekopa bila kuandikwa. Tena lipo jaribu la kuunda kikundi kwa ajili ya fedha za nje tu. Halmashauri zetu zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarudishwa mwaka 2024. Ni haki ya kikundi kilichosajiliwa kuiomba, na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye wa kuuliza. Lakini kikundi kilichokusanyika kungoja fedha kitatawanyika fedha zikifika.

6. Wanaobaki nje ya mlango

Sasa tufike penye moyo wa somo. Ukienda kwenye mkutano wa kikundi cho chote, tazama waliopo. Kisha tazama wasiokuwapo.

Hayupo bibi anayelea wajukuu wanne kwa kuokota kuni, kwa sababu 1,000 ya kila wiki hana. Hayupo mama anayeumwa, kwa sababu wanachama wanahofia kwamba atakufa na mkopo. Hayupo asiyeona, kwa sababu hakuna aliyemwalika. Hayupo binti aliyefika juzi kutoka kijijini kufanya kazi mgahawani, kwa sababu hakuna anayemfahamu. Kanuni nzuri ya kujichagua wenyewe ina upande wake wa pili, kwamba watu huwachagua walio kama wao. Hivyo twaweza kuwa na vikundi kumi katika parishi, tukashangilia, na mnyonge kabisa akabaki pale pale alipokuwa.

Kanisa la kwanza liliona jambo hili. Katika Matendo sura ya 6, chakula kilikuwa kinagawiwa kila siku na nia ilikuwa njema, lakini wajane wa kundi moja walikuwa wakisahauliwa. Mitume hawakukasirika kwa manung'uniko hayo. Waliwaita watu wote, wakawaambia wachague wenyewe watu saba wenye sifa njema, ili jambo lile liwe na wa kulisimamia. Huruma ilikuwapo tangu mwanzo, ikakosa orodha na watu wa kuishika.

Nasi katika nyanda hizi tunao mfano wa karibu. Ugonjwa wa UKIMWI ulipoenea katika barabara hii kuu, na kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, wagonjwa wengi walirudishwa nyumbani kufa, na majirani waliogopa hata kuwanywesha maji. Katika miaka ya 1990 huko Mbeya, mkoa ambao sisi nasi tulikuwa ndani yake wakati huo, watu walijikusanya wakaanzisha KIHUMBE, yaani Kikundi cha Huduma Majumbani Mbeya. Kazi yao jina lenyewe linaisema: kwenda majumbani. Hawakungoja mgonjwa aje mkutanoni. Waliuvuka mlango ambao wengine waliogopa kuuvuka.

Kwa hiyo huruma ya Kikristo ina mikono miwili. Mkono mmoja unampa mtu ufunguo wa sanduku lake. Mkono wa pili unamlisha yule ambaye leo hawezi kushika ufunguo. Ukiwa na wa kwanza tu, utamwacha bibi njaa ukisema, "Ajiunge na kikundi." Ukiwa na wa pili tu, utamfanya mama mwenye nguvu kuwa mwombaji wa kudumu.

7. Kazi yetu

Yapo mambo matano ambayo baraza la kanisa, umoja wa akina mama na vijana wanaweza kuanza nayo bila kungoja mfadhili.

Kwanza, tuandike orodha. Watu wawili wawili waende nyumba kwa nyumba, wakaulize kama Elisha: una nini nyumbani? Watakuta cherehani mbovu, shamba lisilolimwa kwa kukosa nguvu, mikono inayojua kusuka ukili, binti aliyemaliza darasa la saba. Waandike na shida, waandike na uwezo. Nani anafaa ufunguo, nani anahitaji chakula kwanza, orodha itasema.

Pili, tufundishe ile hesabu ya ubaoni. Tunao walimu waliostaafu katika kila parishi. Wenye umri wangu wanakumbuka vikundi vya redio vya mwaka 1973 vya "Mtu ni Afya". Watu wazima walikaa chini ya mti, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, na kesho yake wakachimba vyoo. Hawakuishia kusikiliza. Masomo manne ya jioni yatosha kumfundisha mtu kuhesabu riba, kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi, na kuuliza leseni.

Tatu, bei ya hisa ipangwe kwa kumtazama maskini kuliko wote aliye tayari kujiunga. Kama yeye anaweza 500, hisa iwe 500, na mwenye uwezo anunue tano. Kila kikundi cha waumini kijitwike angalau watu wawili kutoka katika ile orodha, wasiopokewa na wengine.

Nne, tusitie fedha za kanisa sandukuni wala kushika ufunguo. Hili ni gumu kwa wenye moyo mwema. Fedha za mtu mwingine hukopwa kwa wepesi na kulipwa kwa uzito, lakini fedha ya jirani yako, uliyemwona akiitoa katika pindo la kanga, unaionea haya. Kasisi akialikwa siku ya mgao aende kama shahidi na kuomba, kisha arudi nyumbani. Kama tuna fedha za kutoa, tumtengenezee mama cherehani, au tumlimie bibi shamba lake siku ya Jumamosi, apate kitu cha kuuza na cha kununulia hisa.

Tano, mfuko wa wahitaji uendelee, tena uwe na watu wa kuusimamia waliochaguliwa na washarika wote, na hesabu yake isomwe kanisani kama inavyosomwa hesabu ya sadaka. Mzee asiyejiweza na mgonjwa aliyelala kitandani hawatadaiwa hisa.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Mjane wa 2 Wafalme 4 alisema kwanza kwamba hana kitu. Kwa nini mtu mwenye shida husahau alicho nacho? Tumsaidieje kukikumbuka bila kumdharau?

2. Fanyeni hesabu hii: mtu amekopa 200,000, atalipa 9,000 kila siku kwa siku 30. Analipa jumla gani? Riba ni asilimia ngapi?

3. Tajeni watu watatu katika jirani yenu wasiokuwa katika kikundi cho chote. Ni nini kinachowazuia? Je, kizuizi hicho ni chao au ni chetu?

4. Elisha alibaki nje mlango ulipofungwa. Katika misaada yetu, ni mahali gani ambapo tumebaki ndani?

5. Kabla ya kuagana, chagueni wawili watakaoanza orodha wiki hii, na nyumba ya kwanza watakayobisha hodi.